KULEGEA KWA SHILAMU: KIKO, KIUNGO NA KAZI YA MHAKIKI

Utangulizi

Kila aliyepitia darasa la fasihi ya Kiswahili, liwe la sekondari au la chuo kikuu, amekutana na tamathali tatu zinazotumiwa kueleza uhusiano wa fani na maudhui. Ya kwanza ni kikombe na chai: fani ndiyo kikombe, maudhui ndiyo chai. Ya pili ni chungwa: fani ni maganda, maudhui ni nyama ya ndani. Ya tatu ni sarafu yenye sura mbili zisizoweza kutenganishwa. Tamathali ya kwanza imelaumiwa kwa kuwa chai huweza kumiminwa katika kikombe kingine isipoteze ladha yake, jambo ambalo haliwezekani kwa shairi. Ya pili imelaumiwa kwa kuwa maganda hutupwa. Ya tatu ndiyo iliyopata wafuasi wengi, na wanafunzi wetu huirudia katika karatasi za mitihani kama watu wanaokariri shahada.

Hata hivyo, sarafu nayo ina upungufu wake. Sura zake mbili hazisuguani wala hazilegei. Hakuna mtu aliyewahi kupeleka sarafu kwa fundi kwa sababu sura moja imeachana na nyingine. Kazi za fasihi, kinyume chake, hulegea. Hulegea kwa kupita kwa wakati, kwa kufasiriwa, kwa kufundishwa ovyo, na pengine hata kwa kupendwa mno. Tamathali isiyoweza kueleza ulegevu haiwezi pia kueleza kazi ya mhakiki, maana kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya ukarabati.

Makala haya yanapendekeza tamathali ya nne, nayo imetokana na jambo dogo la nyumbani: kiko cha tumbaku ambacho shilamu yake ililegea, kikapelekwa kwa fundi mjini Nakuru. Nia yangu si kujenga nadharia mpya. Nia yangu ni kueleza jinsi kiko hicho kilivyotengenezwa na kile kilichokutwa ndani ya kiungo chake, kisha kuuliza jambo hilo linatufunza nini sisi ambao kazi yetu ni kufungua na kufunga kazi za watu wengine.

Jina na Kitu

Kabla ya kukitengeneza kitu ni vema tukiite kwa jina lake. Kiko cha asili cha pwani ni kiko cha maji. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, inatuonyesha viungo vyake. Kuna kifuu cha nazi chenye maji, ambacho ndicho hasa kiko. Juu yake husimama digali, mwanzi unaoshuka hadi majini. Juu ya digali hukaa bori, yaani kikombe kidogo cha udongo kinachotiwa tumbaku na kaa la moto. Ubavuni hutoka shilamu, mrija unaoufikisha moshi kinywani. Hata ile sauti ya maji yakigugumia mvutaji anapovuta ina jina lake: malio. Kwa hakika ni nadra kukuta chombo kidogo namna hii kilichopewa msamiati mkamilifu kiasi hiki.

Kiko cha Kizungu, kile cha mti kisicho na maji, kilipofika bara kilipewa jina la jumla tu. Sehemu zake zikabaki kuitwa kwa kubahatisha. Katika Nakuru nimesikia shilamu yake ikiitwa mdomo, mrija, hata bomba. Mimi sioni sababu ya kuacha maneno ya pwani yafe ilhali kazi bado ipo. Kwa hiyo katika makala haya kikombe cha tumbaku kitaitwa bori, sehemu inayotoka ubavuni mwa bori itaitwa shingo, na mrija mweusi unaoingia shingoni na kufika kinywani utaitwa shilamu. Ile ncha nyembamba ya shilamu inayozama ndani ya tundu la shingo nitaiita ulimi, kwa mfano wa maseremala wanaochonga ulimi wa ubao uingie tunduni. Habari yetu yote inahusu ulimi huo na tundu lake.

Jina lenyewe la kiko linastahili neno moja zaidi. Mwaka 1929 mchoraji wa Ubelgiji, René Magritte, alichora kiko na kuandika chini yake, kwa Kifaransa, kwamba hicho si kiko. Michel Foucault akakitungia mchoro huo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1973, na tangu hapo wanafunzi wa nadharia wamejadili pengo lililopo baina ya neno, picha na kitu. Kiswahili kina mchango wake katika mjadala huo. Neno kiko kwetu ni nomino, lakini pia ni kauli ya kuwako: mtoto akitumwa kukileta huuliza, kiko kiko wapi? Katika lugha hii huwezi kukitaja kiko bila sauti hiyohiyo kudokeza kwamba kipo mahali fulani. Magritte angepata kazi ngumu zaidi kama angekuwa Mswahili. Tena kamusi za zamani zina kiko cha mkono, yaani kiwiko, na kiwiko ni kiungo. Sitaki kudai kwamba maneno haya yana asili moja. Nasema tu kwamba sikio la msemaji huyasikia pamoja, na mhakiki hulipwa kwa kusikiliza.

Kiko Chenyewe

Kiko ninachokizungumzia kilikuwa cha babu yangu, aliyekuwa mpishi katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Molo. Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, yafaa akumbuke historia ya eneo hili. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Kuanzia mwaka 1903 Lord Delamere alikuwa Njoro akijaribu mifugo na ngano, na baada yake nyanda za Njoro, Molo na Rongai zikagawiwa walowezi. Waafrika waliokaa juu ya ardhi hiyo waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kuanzia karibu na mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alilazimika kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Hata chuo ambamo baadhi yetu tumefundisha, pale Njoro, kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo iliyoanzishwa na Lord Egerton kwa ajili ya vijana wa Kizungu, kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987.

Katika mazingira hayo kiko kilikuwa alama. Wazee wetu walinusa ugoro, wakaubeba pembeni au katika kibuyu kidogo, na kuupokezana katika mazungumzo. Kiko cha mti kilikuwa cha barazani kwa bwana shamba. Jinsi kilivyovuka kutoka baraza hadi jikoni, familia yetu ina masimulizi mawili. Baba husema babu alipewa mlowezi alipokuwa akifunga mizigo kuondoka baada ya uhuru. Shangazi husema kilitupwa miaka mingi kabla ya hapo, tena kwa sababu shilamu ilikuwa imelegea, naye babu akakiokota. Masimulizi ya shangazi, kama itakavyoonekana, yana ushahidi zaidi.

Bori na shingo vimechongwa kwa kipande kimoja cha fundo la mzizi wa mmea uitwao Erica arborea. Viko vya namna hiyo vilipata umaarufu kuanzia katikati ya karne ya 19 katika mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa, kwa mafundo yaliyotoka nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Fundo hilo ni gumu, haliungui upesi, na hunywa unyevu wa moshi. La kuchekesha ni kwamba mmea huohuo huota katika milima yetu, juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, nasi tukauagiza kutoka ng'ambo ukiwa umekwisha chongwa. Shilamu nayo ni ya mpira uliopikwa kwa salfa hadi ukawa mgumu kama pembe, ufundi ambao Nelson Goodyear aliusajili Marekani mwaka 1851. Kwa hiyo kiko kimoja ni vitu viwili vyenye tabia mbili: mti unaopumua, unaovimba na kusinyaa kwa majira, na mpira usiojali mvua wala kiangazi. Vitu hivi viwili havikuunganishwa kwa gundi wala kwa msumari. Vinashikana kwa msuguano peke yake.

Kutoka kwa babu kiko kilikuja kwa baba, ambaye sasa amepita miaka themanini. Daktari alimkataza tumbaku zamani, naye alitii. Lakini hakuacha kiko. Hukishika kinywani kikiwa kitupu anaposimulia, hukitoa anapofika mahali pa kuchekesha, na hukielekeza kwa msikilizaji anapotaka kumkanya. Sisi watoto wake tulijua mwisho wa hadithi kwa namna alivyokiweka mezani. Basi siku ambayo bori ilichomoka na kuanguka katikati ya masimulizi, shilamu ikabaki baina ya meno, mzee alinyamaza. Alijaribu tena jioni ya pili na ya tatu, kikaanguka. Baada ya hapo akawa hasimulii. Alisema hana kitu cha kushika. Miezi miwili ilipita hivyo, na katika umri wake miezi miwili si kitu kidogo.

Sababu za Ulegevu

Shilamu hulegea kwa sababu tatu. Ya kwanza ni ukavu. Kiko kinachovutwa kila siku hunywa unyevu. Mti huvimba na kuubana ulimi. Kikikaa kitupu, mti hukauka na tundu huacha kushika. Nakuru, jina ambalo kwa kawaida huelezwa kwamba linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, ina Januari na Februari kavu zenye upepo unaoinua vumbi la ziwa hadi mjini. Kiko kisichovutwa hakina cha kujikinga nacho. Ndiyo maana wavutaji wa zamani hushauri mtu asiwe na haraka: pengine masika yakija kiungo kitajishika chenyewe.

Sababu ya pili ni kufunguliwa kikiwa bado cha moto. Wakati huo mti umetanuka, mpira umelainika, na kila kimoja kinaukwaruza umbo mwenzake. Kanuni ni kwamba kiko hufunguliwa kikiisha kupoa, tena kwa kuzungushwa polepole kuelekea upande mmoja, si kwa kuvutwa wala kutikiswa. Sababu ya tatu ni umri tu. Ulimi unaobanwa kwa miaka mingi hatimaye hukonda.

Dawa zake ni nyingi, na ubora wake haulingani. Mtu anaweza kuupaka ulimi nta ya nyuki kwa utando mwembamba. Anaweza kuuzungushia uzi au karatasi. Anaweza kuupasha moto na kuupanua. Au anaweza kutia gundi, akamaliza kazi kwa dakika moja.

Katika Kibanda cha Fundi

Fundi niliyemwendea ana kibanda nyuma ya soko mjini Nakuru, ambamo hutengeneza saa, miwani na miavuli. Alikipokea kiko kwa mikono miwili, akakitazama kwa kioo cha saa, akaichomoa shilamu bila jitihada.

"Hakijavunjika, Mwalimu," akasema. "Kimechoka tu."

Nikamuuliza kama gundi ya nguvu isingetosha, maana mwenyewe havuti tena.

"Gundi ni ya kitu ambacho hakitafunguliwa tena," akanijibu. "Hiki kina njia ndani. Ukikigandisha, hiyo njia utaisafisha na nini? Kitaonekana kizima, lakini kitakuwa kimeziba."

Kisha akachukua sindano na kuchokoa ukingo wa ulimi. Kilichotoka hakikuwa uchafu kama nilivyodhani. Kilikuwa kipande cha karatasi, cheusi kwa lami ya tumbaku, kilichozungushwa mara mbili kwa uangalifu. Fundi akakiweka juu ya kitambaa cheupe.

"Kuna aliyekitengeneza kabla yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, kama mtu aliyeonyeshwa kazi ya mwenzake.

Akaendelea na yake. Aliusafisha ulimi kwa spiriti. Akachemsha maji katika sufuria ndogo, akauzamisha ulimi peke yake kwa kitambo. Alinieleza kwamba mpira wa aina hii una kumbukumbu: ukipashwa moto hutaka kulirudia umbo ulilozaliwa nalo katika kalibu. Ulipolainika, alitia katika njia yake ya hewa msumari uliosuguliwa ukawa laini na mwembamba kuelekea nchani, akausukuma moja kwa moja bila kuuzungusha, ulimi ukatanuka kiasi kisichoonekana kwa macho. Akaupoza katika maji baridi, akaujaribu tunduni, akatikisa kichwa, akarudia. Mara ya tatu shilamu iliingia kwa mlio mdogo wa mti na mpira kukubaliana. Mwisho alipaka nta, akaifuta karibu yote. Kazi ilichukua kama saa nzima, naye akanitoza shilingi mia mbili na kunionya nisikifungue kabla ya kesho.

Karatasi

Nyumbani nililowesha karatasi ile, nikaikunjua. Upana wake ni kama wa ukucha wa kidole gumba, na urefu wake haufiki kidole cha kati. Ina visanduku vilivyopigwa chapa, na katika saba kati ya hivyo kuna mkwaju mmojammoja wa penseli. Hakuna neno hata moja lililosalimika.

Baba aliitambua papo hapo. "Hiyo ni tikiti ya mzee," akasema. Katika mashamba ya walowezi kibarua alipewa tikiti ya siku thelathini. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama na bwana au nyapara wake, na mshahara ulilipwa alama zilipotimia. Siku isiyotiwa alama haikuwa siku. Baba akaeleza kwamba mwezi mmoja babu alifanya siku ishirini na saba, akaitwa nyumbani kwa msiba, na aliporudi tikiti ile ikakataliwa. Thelathini hazikutimia, kwa hiyo ishirini na saba nazo zikafutika. Kulingana na baba, babu hakugombana na mtu. Alikata kipande cha tikiti iliyokataliwa, akaizungushia ulimi wa kiko, akasema kwamba sasa angalau itafanya kazi.

Hapa mhakiki aliyemo ndani yangu aliamka. Karatasi inaonyesha alama saba, masimulizi yanasema ishirini na saba. Karatasi haina jina, mwaka wala shamba. Inaweza kuwa tikiti hiyo, na inaweza kuwa ya mwezi mwingine uliolipwa kikamilifu. Maandishi hayathibitishi wala hayakanushi. Kwa upande mwingine, ukiyaondoa masimulizi ya baba, mikwaju saba ya penseli haisemi lolote. Ni grafiti juu ya karatasi. Na kwa zaidi ya nusu karne matini hii ilitunzwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba haikusomwa. Ilikuwa ikifanya kazi. Kuisoma kulihitaji kukilegeza kiko. Kukikaza kiko kulihitaji matini isionekane.

Nilimuuliza baba kama angependa nimrudie fundi airudishe karatasi mahali ilipokuwa. Alifikiri kwa muda mrefu. "Hapana," akasema. "Wakati ule mzee hakuwa na pengine pa kuiweka. Sasa pana pengine." Tukaitia ndani ya bahasha, tukaihifadhi pamoja na hati za nyumbani. Jioni ile akawasimulia wajukuu wake habari za tikiti ya siku thelathini, jambo ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kulisikia, kiko kikiwa kinywani.

Kiungo katika Uhakiki

Turudi sasa kwenye hoja tuliyoanza nayo. Kiko hutupa picha ya fani na maudhui ambayo kikombe, chungwa na sarafu havikuweza kutupa. Kwanza, sehemu zake mbili ni za mata tofauti, zenye asili na tabia tofauti, ilhali hakuna hata moja iliyo kiko ikiwa peke yake. Pili, zinaweza kutenganishwa, na kwa hakika lazima zitenganishwe mara kwa mara ili njia isafishwe. Tatu, kutenganishwa huko kuna wakati wake na namna yake. Nne, zikiisha kutenganishwa zinapaswa kurudishwa, maana hakuna avutaye kiko kilichofunguliwa.

Kwa mwanga huu makosa mawili makuu ya uhakiki wetu yanaonekana wazi zaidi. La kwanza ni la gundi. Nalo ni lile la kuigandisha kazi kwenye maisha ya mwandishi, au kwenye tukio moja la kihistoria, au kwenye itikadi moja, hadi isiweze kufunguliwa tena. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Kwamba nchi ile ya angani inaelekeza kidole kwa utawala wa kikoloni, wahakiki wengi wamelieleza, na wana haki. Lakini darasa likiisha kuambiwa kwamba Kusadikika ni Tanganyika ya wakati wa Waingereza na si kingine, njia imeziba. Mwanafunzi wa Nakuru ambaye amewahi kumwona mtu akishtakiwa kwa kutoa wazo, chini ya serikali yake mwenyewe, hana tena pa kupitisha pumzi yake. Kazi inaonekana nzima. Haivutiki.

Kosa la pili ni la ulegevu, na ndilo lililotapakaa zaidi katika shule zetu. Kila riwaya iliyowahi kutahiniwa, na Siku Njema ya Ken Walibora ya mwaka 1996 ni mfano ulio karibu, imeandikiwa miongozo inayoifungua na kuipanga mezani: hapa dhamira, hapa wahusika, hapa tamathali za usemi, kila moja na orodha yake. Sipingi ufunguaji, bila huo hakuna uhakiki. Ninalolilalamikia ni kwamba sehemu hizo hazirudishwi. Mwanafunzi huingia chuo kikuu akiwa na bori mkono huu na shilamu mkono ule, akishangaa watu wanaosema kwamba kuna utamu ndani yake. Aidha, mara nyingi kazi hufunguliwa ingali ya moto. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania kwa sababu ya maudhui yake. Waliyoitoa shilamu kwa haraka waliona moshi tu. Ilibidi kupoe ndipo wasomaji waone jinsi riwaya ile ilivyojengwa ili kuishtaki jamii iliyomwangamiza msichana, badala ya kumshtaki msichana mwenyewe.

Kati ya makosa haya mawili ndipo ilipo kazi ya mhakiki, nayo inafanana na ya yule fundi. Anapasha moto kwa kiasi, anasukuma bila kupotosha, anapoza, anajaribu, anarudia. Nta anayoiweka ni ndogo kiasi kwamba msomaji hataiona. Zaidi ya hayo yote, anatambua kuwa kuna aliyekitengeneza kabla yake. Katika kila kazi iliyoishi muda mrefu kuna vipande vya karatasi vilivyotiwa na wasomaji waliotangulia ili iendelee kushika: usomaji wa wazee, usomaji wa shuleni, usomaji wa msikitini na kanisani, usomaji wa watu waliokuwa na shida zao. Vipande hivyo si uchafu. Mhakiki mwema huvitoa kwa sindano, huvilaza juu ya kitambaa cheupe, huvisoma, kisha huamua, pamoja na wenye haki navyo, kama vitarudi kiungoni au vitapewa mahali pake.

Hitimisho

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kuna wahakiki ambao wamepata nafuu hiyo: kazi ikilegea, mzigo hupungua, na mtu anaweza kuandika kuhusu sehemu moja asiulizwe habari za nyingine. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nafuu hiyo ina gharama, na kwamba gharama hulipwa na yule aliyetegemea kitu kizima ili aweze kusema.

Sidai kwamba tamathali ya kiko haina kasoro. Inatoka katika uraibu unaoua, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikuwa na sababu nzuri ya kuuondoa moshi katika maeneo ya umma. Tena, wasomaji wanaokuja watakuwa wameona viko vichache kuliko sisi, nao watahitaji mfano mwingine. Lakini swali litabaki lilelile kwao kama lilivyo kwetu. Mbele ya kila utendi, riwaya au simulizi la mzee, mhakiki hana budi kujiuliza kama kazi hiyo imepoa kiasi cha kufunguliwa, ni nani aliyeikaza kabla yake na kwa karatasi gani, na kama, baada ya yeye kumaliza, bado inaweza kupitisha pumzi ya mtu mwingine.